Msomaji wa Lisekese

Mama Mkubwa Mwanaheri hakuweza kusema uongo kuhusu kitabu. Chakula kibaya alikisifu ili mpishi asione haya, na kila mtoto mchanga aliyeletewa alikuwa mzuri kuliko wote. Lakini hadithi ya mapenzi ikiwa mbovu alisema ni mbovu, akaeleza na mahali ilipoharibikia. Mwandishi angekuwa jirani angemfuata nyumbani kwake kumwambia. Bahati ya mwandishi ni kwamba alikaa Lindi, na kutoka kwetu Lisekese hadi Lindi ni mwendo wa siku sita kwa miguu.

Nayaandika haya kama nilivyoyapata kwa mama yangu, Kibibi, aliyekuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mengine nilimuuliza Mama Mkubwa mwenyewe alipokuwa mzee, na alinijibu huku akicheka.

Baba yao, babu yangu Sadallah, alikuwa Myao mfanyabiashara wa nta na tumbaku. Kila kiangazi aliteremka pwani na wenzake. Hakuwa na mtoto wa kiume, na alipenda kuzungumza juu ya mambo ya kusoma, kwa hiyo Mwanaheri alipohitimu Kurani alimfundisha pia kusoma Kiswahili kwa herufi zile zile za Kiarabu. Mama yao alikuwa amekwisha kufariki. Mwanaheri aliolewa na mchuuzi wa chumvi ambaye siku za safari zake zilikuwa nyingi kuliko za kukaa; mwishowe hakurudi, ila mwenzake wa safari alileta habari ya talaka. Mama Mkubwa alisema hakulia. Alifagia nyumba, akapika, akamwambia baba yake, "Sasa ukienda Lindi niletee kitu cha kusoma."

Huko Lindi, karibu na msikiti, palikuwa na mwandishi mmoja jina lake Dadi. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua na kunakili vitabu, na katika muda wake alitunga hadithi za mapenzi, akazishona kwa uzi na kuzifunika ngozi. Babu alimpelekea kibuyu cha asali na kuazima kwake kitabu kimoja mpaka kiangazi kijacho.

Kitabu kile cha kwanza kilihusu mwana wa sultani aliyeona kivuli cha mwanamke juu ya dari ya jirani, akaugua kwa mapenzi miaka saba. Mwanaheri alikisoma kwa siku tatu. Kisha wanawake wa Lisekese walipokuja uani kupukuchua mahindi aliwasomea, na kila baada ya karatasi mbili tatu alinyamaza akatoa maoni yake.

"Amependa kivuli," alisema. "Miaka saba amelala kitandani, hajui huyo mwanamke ni mkali au mpole, anajua kuongea au ni bubu. Na hiyo miaka saba, nani anampikia?"

"Labda mtumwa," mmoja alisema.

"Hakutajwa mtumwa. Mama yake yuko hai, imeandikwa mwanzoni. Basi ndiye anayepika, ndiye anayemfulia mashuka, na mwandishi hakumpa hata neno moja la kusema."

Wanawake walicheka mpaka mahindi yakamwagika. Lakini Mwanaheri hakuridhika na kicheko. Alichukua masizi ya chungu na gundi ya mti, akakoroga wino, akachonga utete wa kuandikia, na pembeni mwa karatasi, mahali palipokuwa peupe, akaandika: *Mama yake yuko wapi? Ndiye aliyemlisha miaka saba.* Mwishoni mwa kitabu akaandika: *Mwanzo mzuri, maneno matamu, mwanamume mvivu. Msomaji wa Lisekese.*

Babu aliona alichofanya akashika kichwa. "Mwanangu, hiki ni kitabu cha watu!"

"Nimeandika pembeni tu, baba. Katikati sikugusa."

Kiangazi kilichofuata babu alikirudisha akiwa na aibu, na asali vibuyu viwili. Dadi alifungua, akasoma, akakunja uso. Akatoa kitabu kingine, na kabla ya kumpa babu aliandika pembeni mwa karatasi ya kwanza: *Kwa Msomaji wa Lisekese. Kitabu si ukuta wa kuchorachora.*

Mwanaheri alifurahi sana. Hakuwahi kupata barua maishani mwake.

Kitabu cha pili kilihusu binti wa tajiri aliyempenda mfinyanzi, akaficha siri mpaka akafa kwa huzuni. Karatasi ziliandikwa vizuri, na kuna mahali mfinyanzi anaelezwa jinsi anavyolowesha udongo, pakamfanya Mwanaheri asome mara nne. Aliandika pembeni: *Hapa nimeuona udongo.* Lakini mwishoni aliandika: *Angemwambia baba yake kwenye karatasi ya tatu, hadithi ingekwisha kwenye karatasi ya nne na mtu asingekufa. Baba mwenyewe ameelezwa kuwa mpole. Kwa nini amwogope?*

Safari hiyo Dadi alimuuliza babu, "Huyu mzee wenu anayesoma, ni sheikh?"

Babu alikuwa mtu wa utani. Alijibu, "Ana elimu yake."

"Ana umri gani?"

"Ana afya njema, alhamdulillahi."

Basi Dadi akashika kwamba ni mzee mwenye ndevu nyeupe, mwenye kuudhi, asiyelala. Wala hakuna aliyemtoa katika kosa hilo. Ila vitabu vyake vilianza kubadilika. Kitabu cha mwana wa sultani alikinakili upya, na safari hii mama alisema maneno mengi, tena makali, na pembeni Dadi aliandika: *Mama ameongezwa. Je, Sheikh ameridhika?* Mwanaheri akajibu: *Mama ni mzuri. Sasa mwamshe kijana akalime.*

Mambo yaliendelea hivyo miaka minne. Mama yangu alisema ulikuwa ukimwona dada yake katikati ya masika, anapalilia mtama peke yake, ghafla anacheka au anatikisa kichwa, na hapo ulijua anabishana na mtu wa Lindi.

Kitu kimoja hakukipatia dawa. Wanaume wa Dadi walilia. Katika kila kitabu alikuwapo mwanamume aliyekaa mahali akilia karatasi tano, sita, bila kufanya kazi yoyote. Mwanaheri hakuwavumilia. Pembeni aliandika: *Analia tena. Mpeni jembe.* Na katika kitabu cha tano: *Machozi ya mtu huyu yangejaza visima vyote vya Masasi. Mimi simhurumii.* Kwa hilo Dadi hakuwahi kujibu.

Kisha ukaja mwaka wa vita vya Maji Maji. Habari zilitangulia kutoka upande wa Wamwera, kwamba watu wamekunywa dawa, kwamba risasi za Wadachi, yaani Wajerumani, zitakuwa maji. Babu alikuwa amerudi kutoka Lindi siku chache tu kabla njia hazijafungwa. Siku waliyoona moshi upande wa Masasi, watu wa Lisekese walitawanyika. Wengine waliingia porini, wengine walipanda uwanda wa juu kwenda kwa Wamakonde. Mwanaheri alibeba unga, mama yangu alibeba chungu na kuku wawili, babu alibeba mkeka na magoti yake mabovu. Kitabu cha sita Mwanaheri alikizamisha ndani ya mfuko wa unga ili kisilowe.

Walitembea siku nne. Kuku mmoja walimla, wa pili walimwacha kwa mama mmoja aliyejifungua njiani. Walipofika Mkunya, juu ya uwanda wa Newala, babu hakuweza kupiga hatua nyingine.

Aliyewapokea alikuwa mwanamke wa Kimakonde aliyeitwa Sijaona, mwenye ndonya ya mti iliyotoboa mdomo wa juu na chale usoni, na watoto watatu nyuma yake. Mwanaheri alimwamkia shikamoo kwa sababu ya uso wake wa kikubwa, naye akaitika marahaba, lakini baadaye waligundua kwamba wamepishana mwaka mmoja tu. Mmoja alisema Chiyao, mwingine Chimakonde. Walikutana kwenye Kiswahili, kila mtu akiwa na cha kwake.

"Muhogo upo kidogo," Sijaona alisema. "Maji ndiyo kazi. Ukiweza kubeba mtungi, kaa."

Uwanda wa Makonde hauna mito. Maji yako chini bondeni, na njia yake inashuka ukutani mwa mlima kama ngazi. Mwanaheri na Sijaona walitoka kila alfajiri, wakashuka na mitungi mitupu na kupanda nayo imejaa vichwani, na jua lilikuwa juu walipofika nyumbani. Safari ya namna hiyo bila mazungumzo haiendi. Siku ya pili Mwanaheri alianza kumsimulia kitabu cha sita.

Kilihusu nahodha aliyefiwa na mkewe siku arobaini baada ya harusi. Karatasi kumi na mbili nahodha anakaa mlangoni akilia. Watu wanamwita kazini, haendi. Wanamletea mchumba mwingine, hamtazami. Mwanaheri alisimulia kwa ustadi wake wote, akiigiza sauti ya nahodha kwa namna ya kuchekesha, kama alivyozoea uani kwa akina mama wa Lisekese. Wakiwa katikati ya mlima Sijaona akasimama.

"Mbona unamcheka?"

"Karatasi kumi na mbili, dada! Nyumba inaanguka, yeye analia tu."

Sijaona alitua mtungi juu ya jiwe, akaushika kwa mikono miwili usiyumbe. Alisema mumewe alikwenda Lindi na mzigo wa mpira, mwezi mmoja kabla ya vita, na wakati wa kurudi vita vilimkuta njiani. Waliorudi walisema ameanguka. Kama ni askari wa Wadachi waliomuua au ni wapiganaji, hakuna aliyejua, wala hakuna aliyemzika.

"Siku nilipoambiwa, watoto walikuwa na njaa," alisema. "Nikaenda kuchimba muhogo. Kesho yake maji. Kesho yake tukaambiwa vita vinakuja huku, tukalala msituni. Mpaka leo sijakaa chini nikamlilia mume wangu hata siku moja. Huyo nahodha wako amepata karatasi kumi na mbili. Mwache alie. Alie na kwa ajili yangu."

Mama yangu alisimulia kwamba walipofika nyumbani siku hiyo Mwanaheri aliomba kubaki na watoto wa Sijaona tangu mchana mpaka jua lilipoelekea kuzama. "Nenda kakae mahali," alimwambia. "Muhogo nitachimba mimi, na maji ya kesho nitayafuata mimi." Sijaona alikwenda nyuma ya shamba. Waliisikia sauti yake, na watoto waliogopa, na Mwanaheri akawakumbatia akawaambia mama yao yuko salama, anafanya kazi yake.

Baada ya hapo alichukua utete, akajaza kila sehemu nyeupe ya kitabu cha sita, kuanzia karatasi ya kwanza ya nahodha mpaka ya kumi na mbili. Ndiyo maoni marefu kuliko yote aliyoandika. Aliandika habari za Sijaona, na mtungi juu ya jiwe, na mwisho akaandika: *Niliyosema juu ya wanaume wanaolia nayafuta. Nilikuwa sijui nasema nini.*

Lakini hakukuwa na mtu wa kukipeleka. Njaa iliyofuata vita ilikuwa mbaya kuliko vita. Mashamba mengi yalikuwa yamechomwa, watu walikula mizizi. Babu Sadallah hakuiona mvua ya mwaka ule. Walimzika Mkunya, na watoto wa Sijaona ndio waliookota mawe ya kuzungushia kaburi lake.

Dada wawili walirudi Lisekese amani ilipotangazwa. Nyumba ilikuwa majivu. Mama yangu aliolewa muda si mrefu, na mumewe, ambaye ndiye baba yangu, aliwasimamishia miti ya nyumba mpya. Kukandika walikandika wenyewe.

Ndivyo Dadi alivyomkuta Mama Mkubwa, mwaka wa pili baada ya vita, akiwa na udongo mpaka viwikoni. Alikuja na kundi la wafanyabiashara, mtu mfupi, mwembamba, amevaa kanzu iliyopauka kwa jua, kidole gumba kimekuwa cheusi kwa wino. Aliuliza watu njiani habari za mzee Sadallah, akaambiwa amefariki. Akauliza habari za sheikh msomaji, watu wakatazamana.

"Hapa sheikh msomaji hatunaye," walimjibu. "Msomaji ni yule pale anakandika."

Alisogea. "Hodi, bibi. Namtafuta mzee mmoja mwenye kitabu changu. Cha nahodha."

Mama Mkubwa alimtazama, akakitazama kidole gumba. "Wewe ni Dadi."

"Ndiye mimi."

"Karibu. Mzee huyo ni mimi."

Mama yangu aliyekuwepo alisema hajapata kuona mtu akibadilika rangi vile. Dadi akakaa juu ya rundo la nyasi za kuezekea bila kukaribishwa. Mwanaheri alinawa mikono taratibu, akamletea uji, kisha akamletea kitabu.

Alikisoma pale pale. Alipofika kwenye karatasi za nahodha akaanza kusoma pembeni, akageuza, akageuza tena. Uji ukapoa. Mwishowe akafunika uso kwa kitambaa cha kilemba.

"Mke wangu alikufa kwa ndui," alisema. "Siku arobaini na mbili baada ya harusi. Nilikuwa na barua za watu za kuandika, nikaziandika. Hadithi nilianza baadaye."

Mwanaheri akashika mdomo. "Kumbe miaka yote nilikuwa nakucheka wewe."

"Hukujua."

"Nisamehe, Bwana Dadi."

"Nilikasirika," alikubali. "Kwenye ile ya visima vya Masasi nilikasirika sana, nilikaa mwezi mzima bila kuandika kitu. Halafu nikaona msomaji wangu ni mmoja tu anayesoma kila neno. Wengine wananiambia vitabu vyangu ni vizuri na hawajui hata nahodha anaitwa nani."

Wafanyabiashara aliokuja nao waliondoka wiki iliyofuata. Dadi alibaki, ati anataka kuandika orodha ya vitabu vyake vilivyopotea vitani. Alilala kwa baba yangu. Mchana alisaidia kukandika, vibaya. Mama yangu alirudia sehemu zake akiwa hayupo. Ilipofika mwezi wa pili alivaa kanzu safi, akaja uani, akasimama mbele ya Mwanaheri akaanza kusema: kwamba tangu alipomwona moyo wake umekuwa ndege aliyenaswa, kwamba usingizi umemkimbia, kwamba mwezi wa kumi na nne ukimwona Mwanaheri huona haya.

Mama Mkubwa alimwacha afike mwisho.

"Hayo ni ya kitabu cha tatu," alisema. "Ya ndege na usingizi. Ya mwezi ni ya cha kwanza. Niliyapenda nilipoyasoma, lakini nimekwisha kuyasoma."

Dadi alitahayari. Mama yangu, aliyekuwa jikoni akisikiliza, alidhani mambo yameharibika. Kisha Dadi akasema kwa sauti nyingine, ya chini:

"Sitaki kurudi Lindi. Kule hakuna mtu wa kunibishia. Nataka kukaa hapa na wewe, kama utanikubali, na kama watu wako watanikubali. Kulima sijui. Nitajifunza."

"Hayo sijayasoma popote," Mama Mkubwa alisema. "Nenda kazungumze na mjomba wangu."

Kwetu Wayao mjomba, ndugu wa mama, ndiye anayeoza, na mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo hapakuwa na shida ya nani aende wapi. Mjomba alikubali. Sijaona alipanda na kushuka njia yote kutoka Mkunya na wanawe watatu kuja harusini, akacheza ngoma mpaka miguu ikavimba, na alipoonyeshwa bwana harusi alimtazama juu mpaka chini akasema ni mdogo kuliko alivyomfikiria, lakini anafaa.

Dadi alijifunza kulima, akawa mkulima wa wastani. Aliendelea kuandika, na hakuna karatasi iliyotoka nyumbani mle kabla Mama Mkubwa hajaisoma. Walizaa mtoto mmoja, Esha, na watoto wa majirani, wasichana kwa wavulana, walikuja pale kujifunza herufi. Ndipo nilipojifunza na mimi.

Walivyoishi, naona siwezi kueleza vizuri zaidi kuliko mama yangu. Alisema siku moja, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, alikuwa akipita na kikapu cha mtama akasikia makelele nyumbani kwa dada yake. Sauti ya Dadi imepanda, sauti ya Mwanaheri imepanda zaidi, na Esha amekaa mlangoni anakula muwa kama hakuna kitu. Mama yangu akatupa kikapu akaingia mbio.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Dada yake alimgeukia, macho yamejaa machozi, karatasi mkononi.

"Hajafa bado," alisema. "Huyu shemeji yako anataka kumuua kwenye karatasi ya kesho, na mimi nimekataa."